Mvule wako, nyundo si yako

Masika yakikaribia, Mkoa wa Tanga huingia kwenye hesabu za miche. Kila halmashauri nchini ilishapewa lengo lake, miti milioni 1.5 kwa mwaka, na Aprili 1 ndiyo siku ya taifa ya kupanda miti. Basi mashimo yanachimbwa, fulana zinagawiwa, mgeni rasmi anamwagilia mche wake huku kamera zikimsubiri, na taarifa inapelekwa mkoani. Sina ugomvi na siku yenyewe. Ninachouliza ni kilichomo kwenye viriba.

Simama pembeni lori linaposhusha. Utaona mitiki, misederela, mikaratusi, miashoki ya kupamba uwanja wa ofisi, na kwa vijiji vya milimani miparachichi na mikarafuu. Yote ina kazi yake. Lakini mvule, mpingo, mbambakofi, mtambara na msambu, miti iliyokuwa imeifunika Tanga kabla ya mkonge kuingia, huikuti. Ukibahatika utakuta miche michache imetengwa kwa ajili ya mgeni rasmi. Oktoba 2024 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, lilitangaza kwamba asilimia 38 ya spishi za miti zilizofanyiwa tathmini duniani ziko hatarini kutoweka. Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, na ipo miti humo isiyoota nje ya milima hiyo. Ikiisha hapa, hakuna mkoa wa kuagizia mbegu.

Maelezo yanayotolewa kila mara ni kwamba wananchi wanahitaji elimu. Siyakubali. Mtu wa Amani, wa Kwamkoro au wa Maramba anaijua miti hii kwa jina, kwa ganda, kwa ndege anayekula matunda yake, na anajua upi ukichongwa mlango unadumu hadi kwa wajukuu. Hajaacha kuipanda kwa kutoijua. Amepiga hesabu, na hesabu imekataa. Mti wa asili wa mbao ukishanenepa shambani kwako unaacha kuwa mali na unageuka kesi. Hilo lisiporekebishwa, msaada wa viriba utaendelea kuzaa taarifa tu.

Upande wa Muheza, kwenye mashamba ya michungwa chini ya milima, mvule bado upo. Unauona kwa mbali, umenyooka juu ya kila kitu, mmoja hapa, mwingine kule, pengine kwa sababu palikuwa na mzimu chini yake na wazee wakakataza usiguswe. Popo wakila matunda yake, miche huota yenyewe mashambani. Mzee mmoja niliyemkuta akipalilia aliukata mche wa namna hiyo kwa jembe, pamoja na magugu, wala hakusita.

"Shikamoo, mzee. Huo si mvule?"

"Marahaba. Ni mvule, mwanangu. Ukiuacha ukakua, siku utakayotaka mbao za mlango watakuja watu wengi kuliko msibani."

Akaendelea na mstari wake.

Watu hao ni wale tunaowajua. Kwanza kuna barua ya serikali ya kijiji. Halafu afisa misitu aje apime, na kama ofisi haina mafuta ya pikipiki, mwenye mti ndiye anayeweka mafuta. Leseni inakatwa, ada inalipwa. Mti ukianguka, kisiki kinagongwa nyundo, ile ya serikali inayoacha alama ya ruhusa kwenye mti, na gogo nalo linagongwa nyundo. Ukishapasua, mbao haziondoki bila hati ya kusafirishia, na njiani kuna kizuizi. Halmashauri nayo ina ushuru wake. Kila hatua kati ya hizo iliwekwa kwa sababu ya maana: mbao za wizi kutoka hifadhini hupenyezwa sokoni kwa kudaiwa kuwa zimetoka shambani. Siwalaumu waliobuni nyundo. Ila matokeo yake kwa mwenye shamba ni kwamba karibu kila mara hauzi mbao, anauza mti uliosimama, tena kwa bei ya kutupa, kwa mfanyabiashara anayezijua ofisi zote kwa majina. Yule mfanyabiashara ndiye anayepata thamani ya miaka sitini ya kivuli. Na mwenye shamba akishauza hivyo mara moja, hapandi mwingine.

Linganisha na jirani yake aliyepanda mitiki. Tiki si mti wetu. Ulikuja na Wajerumani, na leo shamba la serikali la Longuza, hapo hapo Muheza, limewafundisha watu wote wa eneo hilo kwamba ni biashara. Bei yake inajulikana, wanunuzi wanajulikana, na mtu akikata tiki shambani kwake zipo karatasi za kujaza lakini hakuna anayemuuliza ameutoa msitu gani. Tiki inahesabiwa kama zao. Mvule unahesabiwa kama kitu kilichopotea kutoka kwa serikali kikaonekana kwako. Mkulima mwenye ekari tatu akichagua tiki ametumia akili. Kumwita mharibifu wa mazingira ni dharau.

Kuna kichekesho kingine hapa, maana mvule ni mti ambao mkulima mdogo anaweza kuulea vizuri kuliko shamba kubwa la miti. Ukipanda miche ya mvule mingi pamoja kwenye jua, huvamiwa na kidudu kidogo kinachoitwa kitaalamu Phytolyma. Kinatia uvimbe kwenye vichipukizi, ncha zinaoza, mti unadumaa au kufa, na majaribio mengi ya kuanzisha mashamba ya mvule barani Afrika yamekwamia hapo. Madhara hupungua mche ukikulia kwenye kivuli chepesi, umechanganyika na miti mingine. Sasa kivuli chepesi kilichochanganyika ni nini kama si shamba la kawaida la Muheza, lenye migomba, minazi, michungwa na mikarafuu humo humo? Tena mvule una mti dume na mti jike. Ukibaki mmoja kijiji kizima, hata ukiuwekea uzio, umehifadhi pambo. Unahitaji jirani zako wawe nayo, mashamba kwa mashamba. Hakuna hifadhi ya serikali inayoweza kufanya kazi hiyo peke yake kwenye ardhi tambarare ya Tanga, ambako ardhi nzuri ilishachukuliwa zamani. Mkonge uliingia nchini mwaka 1893 na kupandwa kwanza karibu na Pangani, na mwaka huo huo reli ikaanza kujengwa kutoka Tanga kwenda bara. Kuanzia hapo msitu wa chini ulifyekwa kupisha mashamba makubwa, na vijiji vikabanwa kati ya mkonge na hifadhi.

Historia hiyo nairudia kwa sababu kila inapopendekezwa kuwaachia wananchi miti yao, hutokea mtu akasema wataimaliza kwa siku moja. Tuangalie basi nani alimaliza nini. Pale Sigi, kwenye lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, nyumba ya mkuu wa stesheni wa Kijerumani bado imesimama, na sasa inapokea wageni wa hifadhi. Reli ile ndogo kutoka Tengeni ilijengwa kwa ajili ya kushusha magogo. Miaka ya 1970 na 1980 magogo ya Usambara Mashariki yalivunwa kwa mitambo, kwa leseni, na kampuni ya umma ya kupasua mbao iliyopata msaada wa Finland. Kelele zikapigwa, uvunaji huo ukasimamishwa, na Finland ile ile ikarudi miaka ya 1990 na mradi wa kuhifadhi misitu ya vyanzo vya maji. Hifadhi ya Amani ikatangazwa mwaka 1997, zaidi ya hekta 8,000. Wakulima walikata, ndiyo, na wapasuaji wa usiku wapo hadi leo. Ukilala Amani unaweza kusikia msumeno. Lakini majeraha makubwa yalikuja na muhuri.

Yakaja na zawadi pia. Wajerumani walipoanzisha taasisi yao ya utafiti Amani mwaka 1902 walileta mamia ya miti ya kigeni kwa majaribio. Miongoni mwa iliyopandwa humo ni Maesopsis, mti wa Kagera na Uganda unaokua haraka na kutoa matunda yanayopendwa na hondohondo. Uvunaji ulipofungua msitu, hondohondo wakasambaza mbegu, na Maesopsis ikajaza mapengo ambayo mtambara na wenzake wangeyajaza polepole. Ukipita leo utaona kijani kila upande na utadhani mambo ni mazuri. Mtu anayehesabu miti kwa idadi angetoa cheti. Miaka zaidi ya mia moja baadaye wahifadhi bado wanahangaika nayo, na bado tunagawa miche kwa kuuliza swali moja tu: inakua haraka?

Nije kwenye msambu, ambao nadhani ndio darasa zuri kuliko yote, kwa mema na mabaya yake. Msambu, kitaalamu Allanblackia stuhlmannii, ni mti wa Tanzania pekee, na Usambara Mashariki ni kwao. Tunda lake ni kubwa, refu kama mkono wa mtoto, linaanguka lenyewe likiiva, na ndani kuna mbegu zenye mafuta mengi yanayoganda yakipoa. Wasambaa wameyapikia mafuta hayo tangu zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Unilever, kampuni kubwa ya kimataifa ya vyakula na sabuni, na washirika wake walianza kununua mbegu za jamii hiyo ya miti Ghana, Nigeria na hapa kwetu, na mwaka 2008 Umoja wa Ulaya ukaruhusu mafuta yake yatumike kwenye siagi za kupaka mkate. Ghafla tunda ambalo panya buku walikuwa wakijilia bila bughudha likawa na mizani.

Kilichotokea mashambani hakikuhitaji semina. Watu waliacha kukata misambu. Akina mama na watoto waliokota matunda, wakayafukia chini ya majani hadi yaoze na kulainika, wakatoa mbegu, wakaanika, wakauza. Fedha haikuwa nyingi, ila ilikuja miezi ambayo mfukoni hakuna kitu, nayo ilikuja kwa mti uliosimama. Mti ukiwa na faida ukiwa umesimama, hata afisa misitu hana kazi ya kuulinda.

Mabaya yake nayo yasifichwe. Mnunuzi alikuwa, kwa kiasi kikubwa, mmoja, na soko la mnunuzi mmoja halimwachii muuzaji nafasi ya kupandisha bei. Msambu nao una dume na jike, na mkulima aliyeelewa kwamba dume halizai alishawishika kulipunguza shambani, bila kujiuliza majike yaliyobaki yangezaa nini pasipo dume. Kuupanda upya ndiko kugumu zaidi. Mbegu inaweza kukaa ardhini miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, kabla ya kuota. Kitalu cha mradi wa miaka mitatu kinafungwa mbegu zikiwa bado zinafikiri. Ukiuotesha kwa mbegu, utangoja miaka kumi au zaidi ndipo ujue umepanda dume au jike. Watafiti walikuja na njia ya kubebesha kikonyo cha jike linalozaa vizuri juu ya mche, na mti wa namna hiyo huchanua mapema zaidi. Hiyo ni kazi ya mikono inayofundishika kijijini. Wenye michungwa wa Muheza wanabebesha kila siku. Wapewe wao hicho kisu, na kitalu kisiwe cha mradi. Kiwe cha mtu anayeuza miche kwa jirani zake na atakayekuwepo mwaka wa nne.

Halafu ipo Derema, ambayo kila anayeandika kuhusu misaada kwa jamii za Usambara anapaswa kuitaja japo inauma. Derema ni ukanda wa msitu unaounganisha hifadhi ya Amani na misitu ya kaskazini yake. Watu walikuwa wakilima iliki humo, chini ya miti mikubwa. Kwa mtazamo wa uhifadhi, wasiwasi ulikuwa wa kweli: iliki inataka kivuli, kwa hiyo miti mikubwa inabaki, lakini kila palizi inaondoa miche ya chini, na msitu unazeeka bila watoto. Ikaamuliwa eneo liwe hifadhi na wakulima walipwe fidia ya mazao yao. Malipo yakachukua miaka. Ardhi ya mbadala ikatafutwa kwenye shamba la zamani la mkonge la Kibaranga, chini tambarare, ambako iliki haioti. Mtu aliyekuwa na zao linalomsomeshea watoto akaambiwa ahamie kwenye jua akaanze na mahindi. Msitu umepona, na hilo ni jambo jema. Ila uliza mkulima yeyote wa jirani kama yuko tayari kuacha mvule au mtambara uote kwenye iliki yake iliyobaki. Atakumbuka kwamba eneo likipendeza sana huchukuliwa.

Kulikuwa na njia ya tatu, na bado ipo. Miche michache ya miti ya asili kwa kila ekari ya iliki, iliyowekewa kijiti ili mpaliliaji asiikate, ingeziba lile pengo la kizazi bila kumhamisha mtu. Wapo wakulima wanaofanya hivyo kwa hiari yao, bila kulipwa na mtu.

Mpingo una habari tofauti, na hauko milimani. Uko Handeni, Kilindi na nyika ya Korogwe, kwenye ardhi kavu ya Wazigua. Ni mti wa taifa, kinyago na zumari za Ulaya vinatoka humo, na unahitaji miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Sasa niambie ni nani atakayesimama kwenye jukwaa Aprili 1 amwombe mkulima wa Handeni apande kitu ambacho kitavunwa na mjukuu wa mjukuu wake. Kwa mpingo, kupanda si dawa kubwa. Mti huu huchipua wenyewe kutoka kwenye mizizi. Kinachouua ni moto wa kila kiangazi, unaochoma vichipukizi na kuacha miti iliyopona na mioyo iliyooza ndani. Kufyeka barabara ya moto kuzunguka msitu wa kijiji kunagharimu jembe, panga na chakula cha mchana cha vijana, na kunaleta mipingo mingi kuliko lori la viriba. Tatizo ni kwamba barabara ya moto haihesabiki kwenye lile lengo la milioni 1.5. Halmashauri inayojali takwimu zake haina sababu ya kuifyeka.

Kilwa, mkoani Lindi, wamekwenda mbali zaidi. Vijiji vya huko vilitenga misitu yao chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, vikaweka mipango ya uvunaji, na mwaka 2009 vikaanza kupata cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha mbao zilizovunwa bila kuharibu msitu, kwa ajili ya mpingo wao. Kijiji chenye msitu wake wa hifadhi kinauza mti wake na kinabaki na mapato yake. Sheria hiyo ni ya nchi nzima, haikuandikwa kwa ajili ya Lindi. Tanga tunayo misitu ya vijiji, tena Wazigua walikuwa na misitu ya mizimu kabla ya neno hifadhi kuletwa, lakini mingi imebaki hifadhi ya kukataza tu: kijiji kinalinda, kinafanya doria, kinakamata mkaa, hakiuzi chochote. Ulinzi wa bure unachosha. Baada ya miaka kadhaa kamati ya maliasili ya kijiji inabaki na watu wawili, na mmoja wao ndiye anayewaonyesha wapasuaji njia.

Nakiri hatari ya upande huo. Viongozi wa vijiji wapo waliouza misitu kwa muhtasari wa mkutano mkuu ambao haukufanyika. Kumpa mwenyekiti nyundo bila kumwekea macho ni kuhamisha rushwa kutoka wilayani kuileta kitongojini. Ndiyo maana ninachopendekeza ni kidogo na cha kuchosha: daftari. Mkulima akiacha mche wa mvule au mbambakofi uote shambani kwake, au akipanda, uandikwe kwenye daftari la kijiji ukiwa bado mdogo. Jina lake, mahali ulipo, mwaka, na mzunguko wa shina kila baada ya miaka michache. Ukurasa ubandikwe ubaoni kila mtu asome; hakuna mkaguzi mkali kuliko jirani. Siku ya kuvuna, mti uliomo daftarini uchukuliwe kama tiki inavyochukuliwa: zao la shambani. Nyundo igongwe kuthibitisha, isigongwe kuruhusu, na muda wa kusubiri uandikwe kwenye kanuni.

Hata soko la nje linasukuma huko huko. Mpingo na jamaa zake waliingia kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, Januari 2017, na mwishoni mwa 2022 mkutano wa Panama ukakubali kuongeza mbambakofi na mninga wa Afrika. Mbao hizo zikivuka mpaka lazima ithibitike zimetoka wapi. Leo anayeweza kuthibitisha ni mfanyabiashara mwenye ofisi. Daftari la kijiji lingemfanya mwenye shamba awe ndiye mwenye ushahidi.

Faida nyingine ya daftari haionekani mpaka ukae na wanawake. Katika sehemu nyingi za Tanga mti wa kudumu ni alama ya kumiliki ardhi. Mke anayelima shamba la ukoo wa mume, mjane aliyeachiwa kipande kwa huruma, mpangaji wa ekari moja ya mahindi, wote hao wanajua kwamba wakipanda mvule wataulizwa wanadai nini. Kwa hiyo wanapanda muhogo. Wanawake ndio wanaomwagilia vitalu vyote vya miradi na ndio wanaookota misambu, lakini miche inapofika shambani huwa ya mtu mwingine. Daftari linaweza kuandika mti wa fulani katika ardhi ya fulani, kwa makubaliano, kama vile minazi ya Pwani ilivyokuwa na wenyewe tofauti na mwenye kiwanja. Si jambo geni. Watu wa Pangani wamelijua siku zote.

Na fedha? Hapa Tanga tuna bahati ambayo mikoa mingi haina. Jiji linakunywa maji ya mto Zigi, yanayokusanywa bwawa la Mabayani, na Zigi unatoka kwenye misitu hiyo hiyo ya Usambara Mashariki. Mti ukikatwa kingo za Kihuhwi, mto unaoingia Zigi, tope linalipiwa na mtambo wa kusafisha maji mjini. Mamlaka ya maji ya Tanga imeliona hilo mapema, na imekuwa ikishirikiana na UWAMAKIZI, umoja wa wakulima wa Kihuhwi na Zigi wanaohifadhi kingo za mito. Mwaka 2024 mamlaka hiyo ikaingia sokoni na hatifungani ya kijani, yaani mkopo kutoka kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi ya mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya kwanza ya aina yake kwa mamlaka ya maji nchini. Fedha za mabomba na mitambo zimepatikana, hongera. Sasa ipigwe hesabu ya upande wa juu wa bomba. Senti kidogo kwa kila uniti ya maji, iliyoandikwa wazi kwenye ankara, ingeweza kumlipa kila mwaka mkulima wa Kihuhwi aliyeacha mita zake za ukingoni ziote miti ya asili. Isiwe semina wala posho ya kikao. Ilipwe kwa simu, kwa mti uliopo daftarini na unaoonekana ukiwa umesimama.

Ningeanzia hapo, kwenye kata za bonde la Zigi, kabla ya Handeni na kabla ya Pwani, kwa sababu mlipaji yupo, wakulima wameshajipanga, wabebeshaji wa michungwa wapo, na mivule michache inayotoa mbegu bado ipo. Mbegu zichumwe kutoka miti mingi iliyo mbalimbali, si kutoka kwa ule mmoja wa barabarani ambao kila mradi huukimbilia. Halmashauri nayo ibadilishe safu moja kwenye fomu ya taarifa yake: badala ya miche iliyopandwa mwaka huu, iandike ile ya miaka mitano iliyopita inayoishi. Mwaka wa kwanza namba itakuwa ndogo na itamwaibisha mtu. Madiwani wakiikubali fomu hiyo kabla ya bajeti ya Julai, miche ya vuli inaweza kuanza kuandikwa Oktoba.